Friza ya Laki Tano na Ishirini: Hela Ilipita Wapi, na Ingezuilika Wapi

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na matukio ya aina moja yanayojirudia Dar es Salaam, kwa hiyo mnunuzi hatajwi jina, wala akaunti iliyomtapeli haitajwi. Mnunuzi ni mama wa Tabata anayeuza juisi na barafu nyumbani kwake. Alitaka friza ya kufungulia juu, ya lita 200 hivi. Kariakoo alishaulizia fremu tatu, bei zikawa kati ya laki saba na nusu na laki nane. Ijumaa jioni akakutana na tangazo Instagram: friza ya chapa ile ile, mpya, boksi halijafunguliwa, laki tano na ishirini, "ofa ya kumaliza stoo", usafiri bure Dar nzima. Akaunti ilikuwa na wafuasi elfu sitini na mbili, picha za fremu iliyojaa majokofu, na bango lenye Lipa Namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu) na jina la duka.

Kufikia Jumamosi saa kumi na moja jioni alikuwa ametuma shilingi 605,000 kwa mafungu matatu, na friza haikufika.

Mafungu matatu

Mazungumzo yalianzia inboksi yakahamia WhatsApp. Muuzaji alikuwa mchangamfu, anaita "mama" na "mteja wangu", anajibu ndani ya dakika. Na mama hakuwa mzembe. Aliuliza duka liko wapi, akaambiwa Kariakoo, "karibu na Msimbazi, ukifika unapiga simu". Aliomba video, akaletewa ya sekunde kama arobaini, mtu anafungua mfuniko wa friza na kuufunga. Aliomba leseni, akatumiwa picha ya leseni ya biashara na cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kila alichoomba alipewa. Muuzaji naye akaomba picha ya kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, "kwa ajili ya fomu ya usafiri", akatuma.

Saa tano asubuhi akaambiwa zimebaki mbili, alipe kianzio cha laki mbili ashikiliwe moja. Akawa anataka kulipia kwenye Lipa Namba ya lile bango, jamaa akamuwahi: "Mama, lipa namba leo inasumbua, mtandao uko chini. Mtumie keshia wetu hapa." Ilikuwa namba ya kawaida ya simu. Alipoiingiza, skrini ikaleta majina ya mwanaume ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na jina la duka. Akauliza. "Huyo ndiye keshia." Akaweka PIN.

Saa nane akapiga mtu mwingine, akijitambulisha kuwa dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Nyuma yake zilisikika honi na makondakta wakiita abiria. Mzigo umepakiwa, yuko Buguruni, ila bosi amemkataza kushusha kabla salio halijaingia, kwa sababu juzi kuna mteja aliwazungusha. Mama akasema atalipa friza ikiwa mlangoni. Dereva akakata, na muda huo huo bosi akaandika WhatsApp kwa upole kabisa: sawa mama, basi gari linageuza, lakini kianzio hakirudi. Laki tatu na ishirini zikaenda, safari hii kwa laini nyingine yenye jina la mwanamke.

Saa kumi dereva akapiga tena. Amesimamishwa na watu wa TRA, mamlaka ya mapato, mzigo hauna risiti, faini elfu themanini na tano. Nayo ikaenda. Dakika ishirini baadaye wakaomba elfu sitini ya kukomboa gari, ndipo mama akagoma. Hazikupita dakika nyingi akawa amezuiwa WhatsApp na Instagram.

Jina linalotokea kabla ya PIN

Watu wakisimuliwa kisa kama hiki hukimbilia bei: laki tano kwa kitu cha laki nane, si angeshtuka? Bei ndogo ni sababu ya kuuliza zaidi, lakini haitoshi kuwa ushahidi. Kariakoo ofa za kweli zipo, mzigo wenye boksi lililochanika huuzwa kwa bei ya kutupa, na tapeli mwenye akili hapunguzi bei sana. Anayetegemea bei peke yake ataibiwa siku tapeli atakapotangaza friza kwa laki saba.

Mahali pa kusimamia palikuwa pengine, na pako kwenye kila simu. Kabla hujathibitisha muamala, mtandao wa simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Mitandao yote mikubwa hapa nchini hufanya hivyo, ukituma kwa namba ya simu na hata ukilipa kwa Lipa Namba. Katika mazungumzo yote ya siku ile, jina hilo ndilo kitu pekee ambacho muuzaji hakukiandika yeye. Picha aliituma yeye, video yeye, leseni yeye, sauti ya dereva yeye. Jina lilitoka kwenye mfumo wa usajili.

Namna ya kulisoma ina upande mmoja tu. Jina likitofautiana na la duka, unasimama hapo hapo na huhitaji sababu nyingine. Jina likifanana, bado hujathibitisha kitu. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, mara nyingi watu ambao hawajui. Mwanaume na mwanamke waliotokea kwenye skrini ya mama huenda hawajawahi kusikia habari ya friza.

Sasa ile hadithi ya "lipa namba inasumbua". Kwenye utapeli wa aina hii, namba iliyo kwenye bango mara nyingi ni ya duka la kweli. Tapeli amenakili bango zima kutoka kwa mfanyabiashara halali, na namba yake ikabaki humo. Ukilipia pale, hela inaingia kwa mwenye duka, tapeli haambulii kitu, kwa hiyo ni lazima akutoe. Kisingizio hubadilika: mtandao, makato makubwa, bosi amesafiri na simu ya duka. Hela ikihamishwa kutoka namba ya biashara kwenda laini ya mtu, biashara imeishia hapo. Muuzaji halali ambaye Lipa Namba yake imegoma kweli atakuambia subiri, au njoo dukani.

Tuongeze kwamba Lipa Namba si hirizi. Hata mjasiriamali mdogo anaweza kufunguliwa, na tapeli mvumilivu anaweza kuipata. Inachokupa ni jina la biashara unaloweza kulilinganisha na risiti, na usajili ambao mtandao unaweza kuufuatilia baadaye.

Video, leseni, wafuasi

Kila ushahidi aliopewa mama ulikuwa wa kitu fulani, ila si wa kwamba huyu mtu ana friza hii leo.

Wafuasi kwanza. Akaunti zenye wafuasi wengi huibwa, na nyingine huuzwa. Kwenye Instagram, bonyeza nukta tatu juu ya ukurasa kisha ufungue sehemu ya kuhusu akaunti hiyo: inaonyesha ilifunguliwa lini, na kwa akaunti nyingi kubwa inaonyesha pia nchi na kama jina limewahi kubadilishwa. Halafu shuka chini kabisa kwenye picha za zamani. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho au nywele, ukageuka duka la majokofu wiki tatu zilizopita, umejieleza wenyewe. Angalia na maoni. Duka linalozuia watu kuandika maoni lina jambo ambalo wateja wake wa zamani wangelisema.

Picha ya friza unaipitisha Google Lens. Ikitokea kwenye kurasa tano za nchi tatu, hiyo si stoo ya Kariakoo.

Leseni na cheti cha TIN kwa picha havina uzito, kwa sababu anayekutumia hajathibitisha kuwa ndiye mwenye navyo. Jina la biashara au kampuni linatafutika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Lakini hata likipatikana, swali linabaki lile lile: hela inakwenda kwa jina hilo?

Video ndiyo iliyomlainisha mama zaidi, na ndipo jibu lilikuwa rahisi kuliko kote. Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya mtu yeyote. Piga simu ya video wakati huo huo, halafu omba jambo ambalo halikutazamiwa: "Andika jina langu na tarehe ya leo kwenye karatasi, bandika kwenye mfuniko, kisha zungusha simu nyuma nione kibandiko cha kiwandani." Aliye dukani anafanya kwa dakika mbili. Anaweza kukereka, pengine atakuambia mteja una mambo mengi, lakini anafanya. Asiye na friza atakuwa na bando lililokwisha, kamera mbovu au wateja wengi.

Faini ya TRA inajibika kwa sentensi moja. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, na hakuna faini inayotumwa kwenye laini ya dereva.

Kianzio kama ndoano

Tazama ukubwa wa mafungu. Laki mbili ya kwanza haikukusudiwa kuwa mapato makubwa. Kazi yake ilikuwa kumfanya mama awe na kitu cha kupoteza. Saa nane mama alishika msimamo sahihi kabisa, alipe mlangoni, na angeshinda kama asingekuwa na laki mbili upande wa pili. Mtu aliyekwisha kutoa kianzio hapigi tena hesabu ya friza, anapiga hesabu ya kuokoa alichotoa.

Kwa hiyo kanuni tunayoipendekeza ndani ya Dar es Salaam ni kali kidogo: kwa muuzaji usiyemjua, kianzio ni sifuri. Ukiona ni lazima umgharamie kitu, iwe nauli ya bodaboda au kirikuu, na umpe dereva mkononi akifika. Wauzaji wengi wa jijini wamezoea "lipa ukipokea", hasa kwa nguo, viatu na simu, kwa sababu mji unafikika siku hiyo hiyo. Hilo limekuwa la lazima zaidi kwa kuwa biashara yetu kubwa ya mtandaoni hupita kwenye mitandao ya kijamii, ambako hakuna mtu wa kati anayeshikilia hela mpaka mzigo ufike. Jumia, iliyokuwa soko kubwa la mtandaoni lenye ofisi hapa, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Haki itendeke kwa wauzaji pia: nao wanapigwa, kwa ujumbe wa kughushi wa "umepokea", na kwa wateja wanaochukua mzigo halafu wanapigia mtandao kudai muamala urejeshwe. Muuzaji anayetaka kuona salio lake mwenyewe kabla ya kuachia mzigo hana kosa.

Ununuzi ule ule, ukifanywa sawasawa

Friza si blauzi. Ni kitu kizito, kina injini, na Kariakoo kutoka Tabata ni safari ya asubuhi moja. Kwa bidhaa ya namna hii tangazo la mtandaoni litumike kutafuta na kulinganisha bei, malipo yafanyike mbele ya kitu chenyewe.

Unafika dukani, si "unapiga simu ukifika, kijana aje akuchukue". Anayekutana nawe barabarani na kukupeleka fremu ya mtu mwingine ni dalali kwa uchache, na akikuomba hela njiani unageuza. Usibebe pesa taslimu, simu yako inatosha.

Boksi lifunguliwe mbele yako. Nyuma ya friza kuna kibandiko chenye modeli, ujazo kwa lita, umeme (220–240V, 50Hz) na aina ya gesi, mara nyingi R600a au R134a. Linganisha lita na zilizoandikwa kwenye tangazo, maana hapo ndipo lita 200 hugeuka kuwa 150. Piga picha namba ya utambulisho ya friza. Waombe waichomeke: injini inapaswa kuunguruma kwa utulivu bila kukata na kurudi, na baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini ukiweka kiganja kwenye ukuta wa ndani unasikia baridi. Kisha weka noti katikati ya mpira wa mfuniko, funga, uivute polepole. Noti ikitoka bila kushikwa, mpira haukai sawa, na friza hiyo itakula umeme bila kugandisha vizuri. Rudia pembe zote nne.

Hapo ndipo unalipa, kwenye Lipa Namba iliyobandikwa mezani, ukisoma jina. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ina jina la muuzaji, TIN, tarehe, saa na kiasi, na ina msimbo unaoweza kuuhakiki kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, ukiwa bado umesimama dukani. Kadi ya waranti iandikwe namba ile uliyoipiga picha, igongwe muhuri na iwe na tarehe. Waranti isiyo na namba ya friza ni karatasi tu.

Kirikuu chagua mwenyewe, patana naye mwenyewe, na friza isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya injini hutembea kwenye mabomba. Iliyolazwa iachwe imesimama saa kadhaa kabla ya kuchomekwa, na muuzaji anaweza kukusumbua kwenye waranti ukiiwasha moja kwa moja.

Kama huwezi kwenda, mtume ndugu akafanye hayo hayo. Kama hakuna wa kumtuma, malipo ni mlangoni baada ya friza kushushwa na kufunguliwa, hata kama hilo litakugharimu elfu thelathini zaidi kuliko ile "ofa". Muuzaji akikataa njia zote mbili, tafuta mwingine. Friza hazijaisha mjini.

Saa ya kwanza baada ya kutuma

Mama alipogoma ile elfu sitini, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumtukana yule bosi kwa sauti ya WhatsApp. Inaeleweka, lakini hilo ndilo lililomfungia mlango. Baada ya hapo baadhi ya jumbe zilifutwa na Instagram ikazuiwa kabla hajapiga picha ya skrini.

Ukishajua umepigwa, usimwonyeshe. Kwanza piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako. Uwe na namba ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea. Omba hela izuiwe kwenye akaunti ya mpokeaji. Haraka ni muhimu kwa sababu hela haikai: inatolewa kwa wakala au inahamishwa mtandao mwingine au benki ndani ya dakika, na TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, umefanya uhamishaji huo uwe wa papo hapo kwa wema na kwa waovu vile vile. Kama bado ipo, inaweza kushikiliwa. Usitegemee mtandao ukurudishie kwa maneno yako tu, maana ungefanya hivyo kila mnunuzi mjanja angechukua mzigo kisha akadai hela yake. Hapo ndipo polisi wanapohitajika.

Wakati unasubiri kwenye simu, ikiwezekana mtu mwingine apige picha za skrini: mazungumzo yote tangu mwanzo yakionyesha namba na saa, ukurasa wa Instagram pamoja na jina la akaunti na kiungo chake (jina linabadilishwa kesho), tangazo lenyewe, na jumbe za miamala. Usifute chochote kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake hutegemea namna ulivyotunzwa, na mazungumzo yaliyo hai kwenye simu yana nguvu kuliko picha iliyopita kwenye magrupu kumi.

Nenda kituo cha polisi cha karibu ukafungue jalada na kupata namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Sema wazi kwamba ni kosa la mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina makosa ya udanganyifu kwa kutumia kompyuta na ya kujifanya mtu mwingine, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni deni la watu wawili. RB ndiyo utakayorudi nayo kwa mtandao wa simu. Jumbe za kitapeli zitume pia kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ufuate maelekezo. Kama duka lililoigwa unalijua, lipigie. Mwenye duka ana sababu zake za kutaka akaunti ile ife, na taarifa yake kwa Instagram huwa na nguvu kuliko ya mteja mmoja.

Pigo la pili lilikuja Jumatatu. Mtu alimpigia mama akisema ni wa kitengo cha kurejesha miamala, anataja kiasi sahihi, 605,000, na jina kamili. Alihitaji PIN tu "ili mfumo usome akaunti". Kiasi na jina alivijua kwa sababu ni wale wale, au waliouziwa orodha na wale wale. Mtandao wako ukikupigia, simu inatokea kwa namba 100, na hata hapo hakuna anayehitaji PIN yako. Mama hakutoa.

Kilichobaki ni ile picha ya NIDA. Hela ilikwisha kwenda, lakini kitambulisho kinaendelea kufanya kazi mikononi mwao: kesho kinaweza kutumwa kwa mnunuzi wa Mbagala kama uthibitisho kwamba "huyu ndiye mwenye duka". Kwa hiyo kwenye maelezo ya polisi itajwe wazi kwamba nakala ya kitambulisho iko kwa matapeli, tarehe na saa iliyotumwa. Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, urudie kila baada ya wiki chache. Ikitokea usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waiondoe, na taarifa hiyo uipeleke kwenye jalada lile lile.